Eulalie Chiasson na Maji ya Mto Haché

Marehemu Eulalie alizaliwa tarehe 3 Machi 1949 hapa hapa Tignish, Kisiwa cha Prince Edward, mtoto wa kwanza wa Théotime Pitre, mkulima wa viazi, na mkewe Zita.

Alisoma kwa masista hadi darasa la nane. Mama yao alipougua, alirudi nyumbani kumlea mdogo wake, Fidèle.

Tulifunga ndoa tarehe 12 Juni 1971. Mimi nilifuga chaza mtoni, yeye alifanya kazi katika kiwanda cha kambakochi. Mwaka 1994 kikundi cha kutunza mto kilimwajiri kupima maji, na aliyapima hadi mwaka juzi. Alishuka na chupa zake maji yakipwa, maana yakijaa, bahari huingia mtoni na kuficha kila kitu. Mbolea majini ilizidi tu. Kila kiangazi mwani ulijaa, ukaoza, mto ukawa mweupe kama maziwa na kunuka mayai viza. Chaza wangu walikufa.

Mbolea nyingi ilitoka shamba la baba yao, analolima Fidèle. Eulalie alimwomba kitu kimoja: ule mteremko wa chini usipandwe viazi, ubaki majani, yazuie mbolea.

Krismasi moja Fidèle alimsukumia sahani ya viazi. "Kula, dada. Hivi havijapimwa."

"Mbolea yake nimeipima. Iko mtoni."

"Si uje siku moja maji yamejaa, uone yalivyo safi."

"Hapo nitakuwa nimepima bahari, mdogo wangu."

Walicheka wote wawili. Theluji ilipoyeyuka, Fidèle akapanda viazi mteremkoni.

Oktoba iliyopita Eulalie alipatikana na saratani ya ini. Fidèle alikuja hospitali kila Jumapili, akamlisha supu kwa mkono wake. Mara ya mwisho Eulalie alimwuliza, "Na ule mteremko?"

"Pona kwanza, dada."

Alifariki tarehe 9 Agosti, alfajiri. Leo madirisha ya kanisa yamefungwa licha ya joto hili, na kila mmoja wetu anajua ni kwa sababu ya harufu ya mto.

Ameacha mume, mimi Cyprien, binti, Noëlla, wajukuu wawili, na mdogo wake, Fidèle. Aliagiza maua yasiletwe.

Fidèle, ulimpenda, hilo nililiona. Lakini hukumjibu. Yeye hawezi kuuliza tena, nauliza mimi.

Mungu ampe Eulalie pumziko. Alichoka.