Historia ya Laurencia Tluway, Aliyefia Kati ya Mbaazi na Ng'ombe

Panga likishachomoka, halimjui wa kwao,
Damu ikishatutoka, twalia sisi na wao.

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu waombolezaji, mimi Clemensi, kaka wa marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma historia hii, nami nawaomba muisikilize hadi mwisho kabla yeyote hajanyanyuka, hasa ninyi vijana mlioacha mapanga kwenye pikipiki zenu.

Marehemu Laurencia alizaliwa tarehe 14 Machi 2000 kijijini Daa, mtoto wa nne wa Mzee Tluway na Mama Cresensia, akasoma shule ya msingi papo hapo, na akiwa darasa la nne, Agosti 2011, alimwona baba yetu akichomwa mkuki wa paja katika shamba letu la Endamarariek, wakulima na wafugaji walipopigania mabua ya mahindi baada ya mavuno, akalifunga jeraha lile kwa kanga ya mama hadi gari lilipopatikana, na tangu siku hiyo alimuuliza kila mwalimu kwa nini watu wauane kwa chakula cha ng'ombe.

Alipomaliza kidato cha sita mwaka 2020 alijiunga na chuo kikuu mjini Dodoma, akachagua siasa na uchumi kwa pamoja, akisema uchumi ungemwonyesha nani ana njaa na siasa ingemwonyesha nani ana amri, ilhali mkuki uliomchoma baba ulitoka kwa yote mawili. Wenzake wa uchumi wakamtania kwa kumwita Mheshimiwa, wa siasa wakamwita Mama Hesabu, naye akaitikia majina yote. Humo darasani alibishana mwaka mzima na Sairowua, mtoto wa wafugaji wa Ngorongoro, kabla ya kuwa rafiki yake.

Baada ya kuhitimu, Novemba 2023, aliajiriwa na chama cha ushirika cha wakulima hapa Karatu, na yeye na Sairowua wakawakalisha wazee wa pande mbili, wakakubaliana kwamba ng'ombe waingie kula mabua kila tarehe mosi Septemba, mbaazi zilizopandwa kati ya mahindi zikiwa zimekwisha kuvunwa, na shamba libaki na samadi. Mwaka 2024 hakuchomwa mtu.

Tarehe 20 Aprili 2024 alifunga ndoa na Joseph, na tarehe 8 Februari 2025 walijaliwa binti, Eva.

Marehemu hakuugua. Mwaka huu mvua zilichelewa, mbaazi zikawa bado mbichi siku ya makubaliano ilipofika, na Laurencia, akitambua kwamba alikuwa ameshika tarehe badala ya kushika kuiva kwa mbaazi, alikimbilia shambani asubuhi ya tarehe 1 Septemba kuwaomba wafugaji wasubiri wiki mbili, akakuta ng'ombe wamekwisha kuingia kwa haki yao na wakulima wanatetea mbaazi kwa haki yao, mawe yanaruka, jirani yetu Simon ametobolewa bega, madume wawili wamekatwa mishipa ya miguu wakigaragara juu ya mbaazi zilezile. Sairowua alisimama katikati ameinua mikono mitupu, Laurencia akamkinga, na panga lililoelekezwa shingoni mwa Sairowua likaishia shingoni mwa dada yetu.

Huko sokoni inasemwa kwamba ameuawa na wafugaji. Familia inatamka mbele ya jeneza lake kwamba panga lile lilitoka upande wetu, mkononi mwa binamu yetu Patrisi, ambaye amejipeleka mwenyewe polisi, hivyo hakuna boma la kwenda kuchoma.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigania pumzi yake, majirani waliokesha nasi, wafanyakazi wenzake wa ushirika, na wazee wa Ngorongoro waliofika leo bila fimbo zao.

Lala sasa, Mheshimiwa, Mama Hesabu wetu, usiamshwe tena na kelele za shamba lile.

Vumbi lilipotulia, aliyebaki amesimama shambani alikuwa Sairowua peke yake, ndiye aliyembeba hadi barabarani, na ndiye yule pale, nyuma ya kiti cha mama.