Leonidas Nkinda na Mvinyo Tisa za Bwana Kosta

Leonidas Nkinda, mhudumu mkuu wa mkahawa wetu hapa Nyalikungu, anastaafu leo, tarehe 30 Septemba 1958, baada ya miaka ishirini na moja ya kazi. Tunamwita mkuu kwa heshima tu, maana mhudumu mdogo hatujawahi kuwa naye.

Alitoka Nkoma mwaka 1937, msimu ambao pamba ya baba yake iliharibiwa na wadudu, akaja kuomba kazi ya kuchota maji. Bwana Kosta, Mgiriki mwenye mkahawa, alipima urefu wake kwa macho, akamvika kanzu nyeupe iliyomfika magotini na kumkabidhi sahani. Kanzu hiyo ilidumu hadi vita vikaisha. Mimi Selestini, mpishi, nilipoajiriwa nilimkuta tayari anawaambia wageni kwamba nyama ngumu ndiyo yenye nguvu. Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Mwaka 1949 Bwana Kosta alirudi kutoka Mwanza na kadi nene iliyopigwa chapa: orodha ya mvinyo. Zilikuwa tisa, kila moja na jina la kigeni ambalo yeye mwenyewe alilitamka kwa kukohoa. Stoo kulikuwa na dumu moja kubwa la kioo lenye mvinyo nyekundu, basi. Mgeni akitaka namba tatu, Leonidas alimweleza kwa masikitiko kwamba imeisha jana. Akitaka namba tano au nane, alimiminiwa kutoka dumu lile lile. Namba tatu iliisha jana kwa miaka mitano mfululizo, na hakuna mnunuzi wa pamba aliyeshangaa. Walizungusha glasi, wakanusa, wakasifu. Leonidas mwenyewe hakuwahi kuonja, kwa kuwa sheria ya wakati ule ilimkataza Mwafrika mvinyo ya Kizungu.

Sheria hiyo nusura immalize. Mwezi Julai 1954 alifika Bwana Palma, mkaguzi wa pamba, mtu aliyejitangaza kuwa bingwa wa mvinyo kabla hajavua kofia. Aliagiza namba nane, akaisifu. Akaagiza namba tano, akaitema.

“Hii imetiwa maji,” alisema. “Huyu ameinywa yangu, akajaza maji. Mwiteni sajini.”

Sajini alikuja na pingu. Bwana Kosta, aliyejua ukweli wote, aliinama kutafuta kitu chini ya kaunta. Alikitafuta muda mrefu.

Leonidas aliweka sinia chini. “Afande, bwana huyu anajua mvinyo,” alisema. “Niruhusu nimletee glasi tatu: namba tano mpya, namba nane, na hiyo tano anayosema nimeitia maji. Akiitambua, nifunge.”

Bwana Palma alikubali kwa furaha. Leonidas alikuja jikoni, akamimina mbele yangu, akazipeleka. Mkahawa mzima uliacha kula. Bwana Palma alionja ya kwanza, akasema ni nzuri. Ya pili akaionja huku amefumba macho, akasema hiyo ndiyo mvinyo ya watu waliostaarabika. Ya tatu aliisukuma.

“Hii hapa. Maji matupu.”

Leonidas akarudi jikoni, akalibeba dumu kifuani na kulitua mezani. “Zote tatu zimetoka humu, bwana. Selestini ameniona nikimimina.”

Sajini alimgeukia Bwana Kosta, ambaye sasa alikuwa amekipata alichokitafuta. “Hizo nyingine nane ziko wapi?”

“Zimeisha jana,” alijibu Bwana Kosta.

Sajini alicheka hadi pingu zikalia. Bwana Palma aliondoka bila kumaliza samaki wake, na tangu siku hiyo alikula kwa mapadri, wanakomimina bila kuuliza maoni.

Jikoni, Leonidas aliketi juu ya gunia la mahindi. “Selestini, nina watoto wanne,” aliniambia. “Mzee Kosta alikuwa ananiacha niende jela huku ameinama chini ya kaunta.” Nikammiminia kikombe cha chai.

Bwana Kosta hakumwomba radhi. Alimnunulia kanzu mpya, na kwenye kadi akafuta mistari minane. Yuko hapa leo, kiti cha mbele, na akitaka kunikatiza ruhusa anayo. Sheria ilipolegezwa, alimpa Leonidas glasi ya kwanza mbele ya wageni. Leonidas alikunywa, akafikiri, akasema ndimu iliyooza ina ladha zaidi.

Tusimpambe mno mstaafu wetu. Amewakaripia wakulima wa Kasoli kwa kushika uma vibaya, na tangu siku ya dumu hajawahi kuharakisha chakula cha mtu yeyote. Lakini hakuwahi kumdanganya mgeni bila kuagizwa, wala kumwacha rafiki peke yake mbele ya askari. Wapo wenye mkahawa wasioweza kusema hivyo.

Anarudi Nkoma kwa mkewe, Kwandu, aliyetuletea salamu hizi: atampakulia ugali kila siku, ila sahani Leonidas ataiondoa mwenyewe. Ahsante, Leonidas. Umewasimamia watu wakila kwa miaka ishirini na moja. Nenda ukae, ule chakula chako kikiwa moto, na maisha yawe mema kwako na kwa nyumba yako.