Pesa za Aiskrimu na Kiti cha Ivy

Nje ya duka la pai, pale mtaa unapokata kona kwenda kiwanda cha nguo, kuna benchi la mbao ambalo makalio ya watu wanne yamelikalia mpaka limeota mabonde. Bonde la kwanza ni la Bertha, anaitwa Kengele, mfumaji mstaafu ambaye mashine zilimla masikio, kwa hiyo hata siri huitangaza. La pili ni la Clifford, anaitwa Gazeti kwa sababu husoma gazeti la kinyozi, tena la juzi, na kulihubiri kama la kesho. La tatu ni la Stanley, anaitwa Kapteni. Analinda maboti ya kukodisha kwenye bwawa la bustani ya mji, maji ya magotini, lakini kofia yake ina nanga. La nne ni la Ivy Haworth, ambaye hana jina la utani kwa kuwa kila aliyejaribu kumpa alijuta. Jumamosi hiyo, ya mwisho kabla viwanda havijafungwa kwa likizo ya mwaka, vikombe vya chai vilikuwa vinapoa bila kuguswa, maana watatu walikuwa wanamtazama wa nne kama bibi harusi. Ivy alikuwa anakwenda kisiwa cha Majorka, huko Hispania. Kwa ndege.

— Kwa hiyo utapita juu ya mawingu, akasema Gazeti taratibu.

— Ulitaka nipite chini nikalowe?

— Mimi nasema tu. Akina Haworth wote waliokwenda huko juu kabla yako walikwenda wakiwa maiti.

— NA HAWAKURUDI! akadakia Kengele.

— Asante, Bertha. Umenituliza moyo.

Kitanda na chakula Ivy alikwishalipia, shilingi kwa shilingi, kwenye chama cha likizo cha kiwandani. Juu ya hapo alikuwa na pauni kumi za kutumia. Na katika pauni hizo alitaka kitu kimoja tu: kiti cha turubai chini ya mwavuli, mchangani, karibu na maji. Msichana wa ofisi ya safari alimwambia kinakodishwa kwa siku, nusu pauni. Ivy alikuwa amesimama kati ya mashine nne tangu ana miaka kumi na minne. Alikula amesimama, alicheka amesimama, na siku alipoletewa habari kwamba mumewe amefariki aliipokea amesimama, maana uzi ulikuwa unakatika. Sasa alitaka kulipa pesa yake akae. Siku sita, pauni tatu. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili.

Kilichomharibia hesabu ni aiskrimu.

Mtaa ule, mtu akisafiri, majirani humtia sarafu kiganjani: "Kale aiskrimu." Huwezi kukataa, na huwezi kurudi mikono mitupu. Watu walipokuwa wakienda Blackpool, mji wa pwani wa karibu, haikuwa taabu. Unawarudishia kila mmoja fimbo ya peremende yenye jina la mji, wanalamba, mmemalizana. Lakini Majorka hakuna aliyeijua, na kitu usichokijua hukipimi. Waliozoea kutoa peni tano walitoa hamsini kwa woga tu. Wengine walitoa kwa mikono miwili, kama sadaka. Mkoba wa Ivy ulikuwa mzito, na kila sarafu mle ndani ilikuwa na mdomo.

— Chukua na hii, akasema Kapteni, akatoa noti ya pauni iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidonge. Kale aiskrimu.

— Stanley, pauni nzima! Hiyo aiskrimu au ng'ombe?

— Huko ni bahari kuu, Ivy. Mimi ni mtu wa bahari.

— Bahari yako ina kina cha soksi.

— Maji usiyoyafika hujui wingi wake!

— Ya kwako nimeyafika. Nilidondosha bangili nikaiokota kwa mwavuli.

Gazeti akakohoa, kile kikohozi chake cha kutaka kanisa litulie.

— Kuna jambo nimelisoma. Kule bahari haipwi.

— HAIFANYI NINI?

— Haipwi! Haiendi, hairudi. Ukiiacha asubuhi, jioni unaikuta pale pale.

Wote wakamgeukia Gazeti. Hata Ivy aliuma mdomo. Bahari aliyoijua yeye ilikuwa ile ya Blackpool, ambayo baada ya kifungua kinywa huondoka zake ikaacha matope na farasi wa kukodi. Bahari inayokaa! Usiku huo alipolala aliiwaza sana, lakini pale benchini hakumpa Gazeti raha hiyo.

— Sasa ikikaa tu, si itaoza?

— Jua linaichemsha, akasema Kapteni kwa utaalamu. Ndiyo maana ya joto lake.

— NA MAJI YA KUNYWA YANAUZWA KWENYE CHUPA, akasema Kengele. MTOTO WA DADA YANGU KAAMBIWA NA DEREVA.

— Maji? Ya bomba?

— MAJI! GHALI KULIKO DIVAI!

— Basi atakunywa divai, akasema Gazeti. Haba na haba hujaza kibaba.

— Hiyo methali inahusu nini hapo?

— Kibaba cha divai.

Ivy akapiga hesabu kimoyomoyo: divai badala ya chai, siku sita. Kiti kikapoteza mguu mmoja.

— Na hicho kiti chako, akaendelea Kapteni, usidhani nusu pauni ndiyo mwisho. Wewe unalipia kiti. Kivuli je? Kivuli kinatembea, Ivy. Saa nne kiko huku, saa nane kiko kule. Kikitembea, umehamia kwenye kivuli kingine. Unalipa upya.

— Nani kakwambia?

— Mimi mwenyewe nakodisha maboti. Najua fikra za wakodishaji.

— Ndiyo wahenga wakasema, akadakia Gazeti, mgeni njoo, mwenyeji apone. Umeisikia vizuri? Anayepona ni mwenyeji. Mgeni hakutajwa tena.

— NA MACHUNGWA! akapiga kelele Kengele, macho yamemtoka. YAMEOTA NJIANI. MITI MIZIMA. HAKUNA ANAYECHUMA!

— Njiani? Kama miti tu?

— KAMA MITI TU!

Wote wanne wakaitazama njia yao wenyewe, matofali yake meusi na nguzo ya taa, wakajaribu kutundika machungwa pale. Ilichukua muda.

— Yamehesabiwa, akasema Gazeti hatimaye. Lazima. Ukipita na kunusa, usiku unaikuta harufu kwenye bili.

Wakati huo ng'ambo ya barabara walikuwa wamesimama Bi Crabtree na Bi Duckworth na vikapu vyao, wanazungumza kwa midomo bila sauti, kama wafanyavyo wanawake wa viwandani ambao mashine ziliwafundisha kuongea hivyo. Walijisahau kwamba Ivy naye ni wa mashine. Akawasoma kama bango.

"Nimempa nusu pauni," mdomo wa Bi Crabtree ulisema. "Asiponiletea shali ya Kihispania, ile yenye nyuzi za kuning'inia, nitajua ni mtu wa namna gani."

"Mimi nataka mwanasesere wa kucheza dansi," ukajibu mdomo wa Bi Duckworth. "Mkubwa."

Ivy akanyanyua kidevu, naye akasema kwa midomo, polepole, kila herufi ionekane: "Namna hii hii."

Vikapu vikatoweka kona kama vimefukuzwa na mbwa. Lakini shali ni shali, na mwanasesere ni mwanasesere. Ukiweka na chupa ambayo Kapteni angeitarajia kwa pauni yake, na feni ya mkono ya manyoya aliyoitaja Kengele mara tatu kama kwa bahati mbaya, na mtaa mzima uliobaki, pauni kumi zilikwisha kabla ndege haijaruka. Kiti hakikuwa na mguu hata mmoja. Ivy aliwaza kusimama mchangani siku sita, mkoba begani, akiangalia wengine wamekaa. Hilo angeweza kulifanya hapa hapa bila pasipoti.

Ndipo akatoka dukani Bwana Sarwar, mkate kwapani. Alihamia mtaani majira ya kuchipua. Ndiye anayezipokea mashine za Ivy zamu ya usiku. Kila jioni hupeana zile mashine nne kama watu wanaopokezana mtoto mkorofi, na hawajawahi kuongea zaidi ya hali ya uzi.

— Bi Haworth. Nasikia unakwenda mbali.

— Majorka. Usinipe pesa.

— Sina, akasema. Unakwenda kufanya nini?

— Kukaa kwenye kiti, akajibu Gazeti kwa niaba yake. Cha turubai. Mbele ya bahari isiyokupwa.

Bwana Sarwar akainamisha kichwa kwa heshima. Akauhamisha mkate kwapa la pili. Akafikiri.

— Na mtu akishakaa pale, anafanya nini?

— Anaangalia bahari, akasema Kapteni.

— Halafu?

— Anaendelea kuiangalia.

— Lakini haiendi popote.

— Ndiyo.

— Siku nzima?

Gazeti akatazama ukurasa wake, kama jibu limechapwa pale. Kengele, aliyesikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, hakupiga kelele. Hakukuwa na mtu mle mtaani aliyewahi kukaa siku nzima bila kufanya kitu, isipokuwa wagonjwa, na hao hawakusifiwa.

— Samahani, akasema Bwana Sarwar. Niliuliza tu. Mimi pia nasimama.

Akaenda zake kulala.

— Si kazi ngumu, akasema Kapteni. Tujaribu. Hapa hapa.

Wakajaribu. Wakaweka mikono mapajani, wakaitazama barabara. Lori la makaa likapita. Gazeti alishindwa kwanza. Vidole vyake vyenyewe vilifungua ukurasa wa mbio za farasi. Kengele akatoa sindano na sufu, akadai anazihesabu tu. Kapteni alivumilia mpaka jasho likamtoka, kisha akasimama kukagua kama mvua inakuja.

Ivy akabaki peke yake, mgongo umenyooka. Alisikia kitu kinagonga chini ya benchi. Akatazama. Ulikuwa mguu wake wa kulia, unapiga mwendo wa mashine, tak-tak, tak-tak, wala hakuutuma. Akaukanyaga kwa wa kushoto. Wa kushoto ukaanza.

Akafungua mkoba, akatoa kidonge cha noti, akakirudisha kwenye mfuko wa koti la Kapteni. Kisha akamwekea Kengele sarafu zake juu ya sufu.

— KUMBE NINI TENA? FENI YANGU JE?

— Hakuna feni, Bertha. Jioni napita nyumba kwa nyumba, kila mtu nitamrudishia ya kwake. Anayetaka aiskrimu akale mwenyewe.

— Lakini Ivy, akasema Gazeti, kiti ni pauni tatu tu. Kidogo kingebaki cha zawadi.

Ivy aliitazama ile miguu miwili, bado inagongana kama mbuzi.

— Nakichukua kiti kutwa, na jioni nakilipia tena, akasema. Hili la kukaa ni la kujifunza, na mimi nina wiki moja tu.