Mwanaasha na Viza ya Japani

Kwenye basi la kutoka Braamfontein, katikati ya Joburg, mbele yangu, Mwanaasha, fundi cherehani wa Tanga, alikuwa akimwonyesha mzee mmoja Mrundi viza ya Japani. Alikuwa ameipata asubuhi ile, baada ya kunyimwa mara mbili. “Tokyo, Kyoto, halafu chemchemi za maji moto. Januari!”

“Peke yako, mama? Kwenye theluji? Nani atakuangalia?”

“Nilipofika Joburg na mimba ya miezi saba, mzee wangu, nani aliniangalia?”

Mzee akahamia hoja nyingine. “Lakini kule wanaoga uchi, wote pamoja!”

“Nimepata chumba chenye hodhi lake. Nitafunga mlango, nikae majini, theluji ianguke nje, na asiwepo wa kuniita.”

Basi likasimama kituo cha Observatory. Mzee alikuwa bado anapinga. Mwanaasha alishuka akicheka kwa sauti.