Pesa ya Maziwa ya Mama

NAFTALY: Haloo? Stoo hapa, Nakuru. Nani mwenzangu?

WAKIURU: Naftaly, ni Wakiuru. Mke wa ndugu yako Chege.

NAFTALY: Ah, shemeji. Habari za huko Umoja, Nairobi? Muturi na wenzake—

WAKIURU: Watoto wazima. Niko kwa kibanda cha simu na Nakuru inameza sarafu, kwa hivyo nisikize. Ni mama yenu.

NAFTALY: Ameshikwa na kifua tena?

WAKIURU: Ameshikwa na njaa.

(Laini inakwaruza.)

NAFTALY: Sikusikia. Umesema nini?

WAKIURU: Njaa. Leo asubuhi nilirudi kutoka sokoni, nilikuwa nimesahau mizani. Nikampata Chege anampa chai. Rangi ya maji ya mtaro. Kumbe majani tukishakunywa sisi, yeye anayatoa kwa chujio, anayaanika kwa gazeti pale dirishani, kesho yake anamchemshia mama yake. Nzi wametembea juu yake mchana mzima.

NAFTALY: Labda ni siku moja tu—

WAKIURU: Ngoja. Nikainua mto nimtandikie. Chini yake kuna vipande vya mkate, yale makombo ya watoto, vimeota ukungu. Amevificha. Mama mzima wa miaka sabini anaficha makombo. Nilitoka nje nikatapika.

NAFTALY: Pole, shemeji.

WAKIURU: Na wewe unatuma pesa ya maziwa yake kila mwezi.

NAFTALY: Natuma. Ndiyo.

WAKIURU: Mimi nilijua anakunywa, kwa sababu Chege ndiye hubaki naye kabla ya kwenda zamu yake kazini. Nikamwuliza maziwa huenda wapi. Akaniambia, tunabana matumizi. Ati mzee hafanyi kazi, tumbo lake linataka nini.

NAFTALY: Si mlikubaliana kubana?

WAKIURU: Tulikubaliana, na mimi ndiye nilianza. Makaa tunanunua gunia na jirani, Mama Munyoki, tunagawana. Sabuni ya mche naikata vipande, naianika ikauke, isiyeyuke upesi. Maharagwe naloweka usiku kucha ndio jiko lisile makaa siku nzima. Nyama, Jumapili. Sokoni naenda kwa miguu. Hizo ni akili za nyumba, hakuna mtu hulala njaa kwa sababu yake. Lakini huyu— Nikimwona akitafuna, naondoka mezani.

NAFTALY: Usimseme hivyo mume wako.

WAKIURU: Nimseme vipi? Juu ya kabati nimepata mkebe wa mafuta ya Kimbo. Umejaa noti.

NAFTALY: Umezitoa?

WAKIURU: Sijazigusa. Zinanitia kinyaa.

NAFTALY: Usiguse. Mwenye ploti anatungoja mpaka Ijumaa tu.



WAKIURU: Ploti gani?

NAFTALY: Ile ya— kwani Chege hakukwambia?

WAKIURU: Niambie wewe.

NAFTALY: Kiwanja, kule Kayole. Tunanunua sisi wawili, mimi na Chege. Ni ya watoto, shemeji, kesho na keshokutwa. Hata mama angejengewa chumba—

WAKIURU: Hiyo pesa ya maziwa.

NAFTALY: Nilikuwa naituma kwa jina la maziwa. Chege alisema wewe ukijua ni ya ploti, utaimaliza kwa jikoni. Mimi nilimwambia tu atafute mahali pa kupunguza. Sikusema ampunguzie mama.

WAKIURU: Na hukuuliza amepunguza wapi.

(Mlio mfupi.)

NAFTALY: Shemeji, weka sarafu nyingine, tuongee—

WAKIURU: Hii ndiyo ya mwisho. Nimempikia uji wa maziwa. Amekunywa nusu kikombe, tumbo likakataa. Leo anahamia mtaa wa Jericho, kwa dada yenu Lydiah.

NAFTALY: Lydiah asijue. Tafadhali, Mama Muturi. Nitakuja Jumamosi, tuketi sisi watatu—

WAKIURU: Nilimpigia yeye kwanza. Yuko njiani.

(Laini inakwaruza.)

NAFTALY: Na mama? Mama anajua ni mimi?

WAKIURU: Hajui. Akinywa ule uji alikuwa anakuombea. Alisema Mungu akuzidishie, akadhani umeanza kumtumia maziwa.

(Mlio.)

NAFTALY: Wakiuru. Mwambie— Wakiuru, bado uko—

(Simu imekatika.)