Vumilia, Shangazi wa Nyabisaka Nzima

Ndugu waombolezaji, majirani wa kilima hiki cha Nyabisaka, na nyinyi wageni mliotoka Giheta, Mushasha na Muyinga: tunayemsindikiza leo ni Vumilia Ndayikeza, mke wa Leonardi, mama wa Emmanuel na Letisia. Maisha yake yanasomwa kama yalivyosimuliwa na wifi yake mkubwa, Bibi Anisia. Palipotiwa chumvi, ni ile ile aliyokuwa akiuza marehemu.

Alizaliwa tarehe 12 Mei 1967 huko Muyinga, karibu na barabara ya Kobero, mtoto wa tatu wa marehemu Barnabe na marehemu Kasilda. Mwaka 1972, mwaka wa mauaji, alivuka mpaka kwenda Tanzania akiwa mgongoni mwa mama yake, ingawa alikuwa na miaka mitano na miguu yake ilikuwa mizima. Mama Kasilda alieleza baadaye kwamba mtoto anayetembea huuliza maswali, na safari ile haikuwa na majibu.

Masomo alipata Ngara, darasa la kwanza hadi la saba, kuanzia 1976 hadi 1982. Alikuwa mwanafunzi wa katikati kwa kila kitu isipokuwa sauti. Inasemekana asubuhi mwalimu akiita majina, Vumilia aliitikia "Nipo!" na walimu wa shule ya ng'ambo ya bonde nao wakamwandika kuwa amefika. Sauti hiyo itarudi mbele kidogo.

Jumamosi tarehe 8 Agosti 1987 alifunga ndoa na Leonardi, kijana mpole aliyekulia Ngara kama yeye, ambaye wazazi wake walitoka kilima hiki hiki, hapa tarafani Bugendana. Siku ya harusi bibi harusi alionekana jikoni na shela lake, mwiko mkononi. Alikuwa amechungulia akaona mpishi anaongeza maji kwenye maharage. Wazee walishtuka, lakini hakuna aliyeacha kula.

Walirudi Burundi tarehe 19 Julai 2005, kwa lori, kupitia Kobero. Wiki za kwanza walipokelewa mjini Muyinga na Mama Kadidja, mfanyabiashara wa ndagala, wale dagaa wa ziwani, chumvi na mawese, ambaye Vumilia alimfahamu tangu masoko ya Ngara. Mwezi wa tisa walipanda huku Nyabisaka. Ndugu wa Leonardi waligawa shamba kwa moyo mweupe, lakini shamba lilikuwa dogo, na kugawa hakuliongezi.

Wageni waliopanda leo wameiona njia. Kilima hiki kimesimama wima hata mbuzi wake hushuka kinyumenyume, na boga likikatika kikonyo hufika sokoni Giheta kabla ya mwenyewe. Kushuka hakukuwa shida. Shida ilikuwa kurudi. Hapa juu hapakuwa na soko wala duka. Wakati wa mavuno wenye magari walikuja hadi chini ya kilima, wakanunua maharage kwa bei ya bure, kwa sababu kila mtu alikuwa na haja yake ya siku hiyo. Njaa ilipoingia, watu waliyafuata maharage yale yale Giheta. Yaliondoka kwa gari, yakarudi kwa kichwa. Na mwaka ule mihogo ilikuwa imepigwa na ugonjwa, majani yamejikunja kama ngumi ya mtoto.

Leonardi alivumilia mvua moja. Halafu alifunga nguo zake katika mfuko, akauning'iniza kwenye boriti.

"Maharage yakishatoa maua, mimi narudi kwetu," alisema.

"Kwetu ni wapi, baba Emmanuel?"

"Ni pale sufuria inapochemka."

Vumilia aliutazama mfuko, akatazama mafiga. Alishuka Muyinga kwa Mama Kadidja, akarudi na mzigo: chumvi, mawese, ndagala na maharage. Mwezi wa pili wa 2006 aliweka meza pale njia panda, akafungua kinywa kama walivyofanya Ngara.

"Maharageee! Karibuni maharage!"

Hapo ndipo alipokosea, na kosa lile lingeweza kufanywa tu na mtu aliyekulia ugenini. Chumvi ilinunuliwa. Mawese yalinunuliwa. Maharage hayakuguswa. Watu walisikia neno hilo wakaharakisha hatua, na mzee mmoja aliyeheshimika aliacha njia akapita kwenye miiba. Vumilia alimwuliza jirani yake Christina, ambaye watoto wake walikuwa wamelala na uji mwepesi.

"Dada, mbona hununui? Bei si nafuu kuliko Giheta?"

"Mi ninunue maharage hapa, baba-mkwe ananiona? Chumvi hailimwi, haina neno. Lakini maharage! Watasema jembe ya bwana yangu iko inalala. Afadhali nife na njaa, mtasema ni malaria."

"Na ukienda Giheta?"

"Giheta naenda kabla jua halijatoka, nafunika na majani. Huko hawanijui."

Basi chakula kilikuwa njia panda na njaa ilikuwa nyumbani, na kati yao kulikuwa na aibu tu. Maharage yalianza kuingia funza. Leonardi aliwaona funza, akautazama na mfuko wake.

Mlango ulifunguliwa na wifi, Bibi Anisia, bila kujua. Alikuwa ameumwa mgongo, hatoki nje. Vumilia alimpelekea maharage yaliyokuwa yanaharibika ndani ya kikapu chake kikubwa chenye kifuniko kilichochongoka, amekibeba kichwani, mchana kweupe. Wenyewe twaita kugemura, kumpelekea ndugu yako chakula. Majirani walitoka kwenye nyua zao kuangalia. Wengine walipiga vigelegele.

"Ehe! Anisia iko na watu!"

"Anapendwa kwao, huyo!"

Anisia, ambaye mgongo ulipona papo hapo, alitembea uani akijionyesha mpaka jioni. Vumilia alirudi njiani na kikapu chake, ndani yake mna majani ya maboga, maana kikapu cha ndugu hakirudi kitupu. Alikuwa anacheka peke yake. Maharage yaleyale! Mezani yalikuwa aibu, kichwani yakawa sifa.

Tangu siku hiyo hakupiga kelele tena. Mtu alikuja mezani kununua chumvi, akiondoka alisema chinichini, kama anayemwita ndugu wa damu, "Shangazi, mbona hunitembelei?" Kesho yake shangazi alionekana akipanda na kikapu, anasalimia kushoto na kulia, na nyumba hiyo ilipata heshima na chakula cha jioni kwa pamoja. Malipo yalirudi chini ya jani la boga. Kikapu chenyewe kilikuwa kikubwa hata kuku wa Giheta waliingia kutaga njiani, na kuna vifaranga waliozaliwa huku juu ambao hawakuwahi kuijua Giheta. Anayebisha aulize kuku.

Mwalimu Fredi, anayefundisha Mushasha, aliyekuja kwao huku kilimani likizo, alistaajabu.

"Huyu mama iko na ndugu kila nyumba. Alors, babu yake alioa wanawake wangapi?"

Mwaka uliofuata mvua ilichelewa, na mwalimu naye akagundua kwamba babu yake na babu wa Vumilia walikuwa mtu na ndugu yake. Ni vizuri mtu msomi kufanya utafiti.

Leonardi naye, aliyefika hapa hana wa kunywa naye, sasa aliitwa kila palipofunguliwa pombe ya ndizi, kama mume wa shangazi. Maharage yalitoa maua, yakazaa, yakavunwa, na hakuondoka. Pasaka ya 2007 aliushusha mfuko, akatoa nguo, akampa mkewe awekee chumvi.

Vumilia alifanya kazi hiyo zaidi ya miaka kumi. Wakati wa mavuno alinunua maharage hapa hapa, kabla ya magari, akayatunza kwenye majivu, ili yasiende Giheta kutalii.

Mwaka 2017 aligunduliwa kuwa na sukari. Alitibiwa Gitega, akatunzwa vizuri, lakini miguu ilivimba na daktari alimkataza vilima. Nyumba yake iko kilimani. Alimshukuru daktari akarudi. Alikaa mezani njia panda, magunia yamejaa nyuma yake, na kikapu kimelala chini. Hakuna wa kukibeba: Emmanuel alikuwa Muyinga, Letisia ameolewa Giheta, na shangazi hawekewi mtu badala yake. Watu walinunua chumvi, wakamwangalia miguu, wakaondoka. Wengine walianza tena safari za alfajiri. Vumilia alimwambia mumewe kwamba alichojenga kilikuwa kikapu tu, na kikapu kinataka shingo.

Jumapili moja, watu wametoka misa, njia panda imejaa, Christina alisimama mbele ya meza. Baba-mkwe wake alikuwa nyuma yake na fimbo yake.

"Shangazi, nipimie maharage."

Vumilia alimkonyeza. "Sema chumvi, mwanangu. Watu wanasikia."

"Wasikie! Umetembea kwangu miaka yote, leo miguu yako inauma, mi ndiyo nimekuja. Nipimie hapa, bila kufunika."

Njia panda nzima iligeuka kutazama, hata kunguru walijisikia vibaya. Kisha yule baba-mkwe alisogea. Ndiye yule mzee aliyeikwepa meza zamani kwa kupita kwenye miiba.

"Na mi unipimie," alisema. "Ile miiba ingali inaniwasha."

Siku ile magunia yaliisha. Leo pale njia panda pana meza nyingi, watu wananunua chakula mchana, na ndiyo sababu habari hizi zinaweza kusomwa hadharani bila mtu kuinama.

Vumilia alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 7 Februari 2023, alasiri, akiwa na miaka hamsini na mitano. Wiki zake za mwisho alipelekewa vikapu vilivyofunikwa. Alikuwa akiinua kifuniko, anachambua kidogo, anasema, "Haya ni yangu, nayajua," na anacheka.

Ameacha mume, Leonardi, watoto, Emmanuel na Letisia, wajukuu wanne, wifi, Anisia, na rafiki, Mama Kadidja wa Muyinga. Tulipouliza nani wengine waandikwe kuwa ndugu, kilima kizima kilijiandikisha, na hata tulipowaeleza kwamba undugu ule ulikuwa wa maharage, hakuna aliyekubali kufutwa. Leonardi, ulisema kwetu ni pale sufuria inapochemka. Usiku wa leo sufuria zinachemka nyumba zote za Nyabisaka. Chagua.

Mama Emmanuel amepanda kilima chake cha mwisho, kwa Mwenyeji asiyerudisha kikapu kitupu. Atuliwe mzigo, apumzike.