Bisibisi na Jaribio la Arobaini na Moja

Ndugu, majirani, na ninyi mliotumikia na marehemu kikosini. Jina lake kamili liko kwenye jalada la karatasi mliyoshika, pamoja na picha ambayo yeye mwenyewe hakuipenda. Nikilisoma jina hilo, nusu yenu mtaulizana tunamzika nani. Kwa hiyo nitamwita kama alivyoitwa na mkewe, makamanda wake na watoto wa mtaani: Bisibisi. Mimi ni mdogo wake, fundi cherehani. Mkiniona nimeegemea meza, si majonzi peke yake. Ni mguu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa kwanza kati ya wawili. Baba yetu alikuwa karani wa stesheni ya reli, na mama alikuwa mshonaji. Mimi nilifuata miaka minne baadaye, nikaugua polio nikiwa na miaka mitatu, na mguu wa kulia ukabaki mwembamba hadi leo. Fimbo yangu ya kwanza alinichongea yeye kutoka mpini wa ufagio, akiwa na miaka tisa. Aliipima mara tatu na bado ikatoka fupi. Kisha akanifuata siku nzima akiniuliza inauma wapi, mkono au bega, na inauma nikikanyaga au nikiinua, mpaka mama akamwambia aniache nipumue.

Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1975 hadi Novemba 1981. Darasa la tano aliitwa ofisini kwa kosa la kuifungua kengele ya umeme ya shule. Mwalimu mkuu aliikuta mezani ikiwa vipande vipande, vimepangwa kwa ukubwa juu ya daftari la Jiografia. Akamuuliza alikuwa anatafuta nini.

"Nilitaka kujua nani anaiambia saa ya kulia, mwalimu."

"Mimi. Naitegesha kila Jumatatu."

"Na ikilia saa siyo?"

"Basi nimekosea mimi."

Alichapwa viboko vitatu, akairudisha kengele kama ilivyokuwa, ikalia vizuri kuliko zamani. Maisha yake yote alisema kwamba shule haikumpa jibu zuri kuliko lile la mwalimu mkuu, na kwamba viboko vitatu vilikuwa halali yake. Baada ya hapo alisoma ufundi umeme, akahitimu mwaka 1986. Jina la Bisibisi alilipata chuoni, kwa sababu hakuwahi kwenda popote bila bisibisi moja ndani ya soksi, hata kanisani.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa na shemeji yangu, mwalimu wa hesabu, ambaye yupo hapa mbele. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa dakika arobaini. Tulimkuta chini ya gari la maharusi, amevaa suti niliyomshonea mimi kwa wiki mbili, akitafuta mlio fulani ambao dereva alisema haupo. Mlio ulikuwepo. Shemeji ameniomba niseme kwamba alimsamehe mwaka 1996.

Marehemu alijiunga na jeshi tarehe 3 Mei 1988, akapangiwa kikosi cha kutegua mabomu. Kazi ile aliifanya kwa mikono yake kwa miaka kumi na minane, na katika miaka hiyo alizika wenzake watano. Ndiyo maana Februari 2006, ilipoletwa roboti ya kwanza, aliipokea kama mgeni wa heshima. Ilikuwa na minyororo ya chuma kama tingatinga, mkono mmoja na kamera shingoni, na ilikwenda taratibu mno. Wakaiita Kobe. Fundi alikaa mbali, nyuma ya ukuta wa mifuko ya mchanga, akaiongoza kwa vishikio viwili huku akitazama skrini. Kila bomu lililoteguliwa walimchorea Kobe mstari mmoja mweupe mgongoni. Na katika daftari la kikosi hawakuandika kwamba Kobe ni mbovu. Waliandika kwamba anaumwa.

Mwaka 2011 bomu lilimlipukia Kobe shambani, kando ya barabara. Marehemu alikusanya vipande kwenye gunia, akakaa navyo karakanani miezi miwili. Mkubwa wake alipomwambia kwamba ni rahisi zaidi kuagiza roboti mpya, alijibu kwamba huyu wameshazoeana. Kobe alirudi kazini akiwa na mkono uliokopwa kwenye winchi ya lori. Nilipokwenda kumwona, nilimuuliza kaka kama lile dude lina akili.

"Hata chembe," akasema. "Akili yake mimi. Ndiyo maana nalala usingizi."

Nayasema haya ili asije mtu akadhani kwamba marehemu alichukia mashine. Alizipenda kuliko baadhi ya ndugu zetu.

Sasa nifike mwaka 2017, na hapa kamanda wake wa zamani, aliyeketi safu ya pili, ameniruhusu kusema yote. Kikosi kililetewa mashine ya aina nyingine, ya ulinzi. Ilikuwa na magurudumu manne, macho ya kamera pande zote, kipaza sauti na bunduki. Hii haikuhitaji mtu wa kushika vishikio. Iliona yenyewe, iliamuru yenyewe, na ikiamua kwamba mtu amekaidi, ilifyatua yenyewe. Ilipangwa kukaa kwenye geti la nyuma la ghala la silaha kuanzia Oktoba mosi, ikiwa na risasi za kweli, bila askari. Nje ya geti lile kuna njia ya miguu iendayo zahanati. Wagonjwa wote wa upande wetu hupita pale, na wengine, wakizidiwa na jua, hukaribia ukuta kutafuta kivuli. Mashine isingeanza kazi mpaka marehemu aijaribu na kutia saini fomu kwamba inafaa.

Aliijaribu siku tano, kuanzia Agosti 21, kwa risasi za rangi. Mtaalamu aliyekuja na mashine, dada mmoja kijana na mpole, alimweleza kwamba imefundishwa kwa picha milioni mbili za watu. Marehemu akamuuliza wangapi kati yao wamekaa chini, wangapi wamebeba mtoto, wangapi wamelewa. Dada wa watu alijibu kila swali, na alipokosa jibu alisema hajui, ndiyo maana marehemu alimheshimu. Walipitisha askari mwenye kikapu, askari aliyejifunika blanketi, askari wawili wamebeba machela, askari mwenye magongo. Mashine iliwaamuru wasimame na kuinua mikono, wakatii, nayo ikawaacha. Majaribio arobaini, na haikukosea hata moja. Kalamu ilikuwa tayari mezani.

Jaribio la arobaini lilikuwa la askari mwenye magongo. Wenzake walikuwa wameshaanza kukunja turubai wakati marehemu alipoyaona yale magongo yamelala chini kwenye vumbi. Alimwita yule askari.

"Ulipoambiwa mikono juu, ulifanya nini?"

"Niliinua mikono, afande."

"Na magongo?"

"Niliyaachia, afande."

"Na wewe ukabaki umesimama."

Askari hakuelewa kosa lake liko wapi, maana alikuwa na miguu miwili mizima, na wote waliojaribiwa siku zile walikuwa hivyohivyo. Marehemu akanipigia simu.

"Kesho vaa uje geti la nyuma. Lete na fimbo."

"Fimbo nitaiacha wapi?" nikamuuliza.

Akacheka, lakini akaniambia ukweli wote: ni nini kipo pale, kinarusha nini, na kwamba naweza kukataa. Sikukataa. Nilikuwa na hamu ya kukiona, na nilidhani tutapigwa picha, kwa hiyo nilivaa shati jeupe la kitani nililojishonea mwenyewe. Walinivisha miwani ya plastiki, wakanionyesha pa kuanzia. Nikatembea kuelekea getini. Mashine iligeuza macho yake yote, ikasema kwa sauti ya kike, ya upole kabisa, "Simama. Inua mikono yote miwili."

Nikasimama, nikainua mkono wa kulia. Wa kushoto ulikuwa na fimbo. Nikiiachia naanguka, na jambo hilo kila mtu mtaani kwetu analijua, hata kuku. Ikarudia amri. Nami nikauinua ule mkono mmoja zaidi, juu kabisa, nikafungua na vidole. Ikahesabu mpaka tatu, ikanipiga rangi nyekundu katikati ya kifua.

Niliogopa, na sioni aibu kusema. Nilitazama kifua changu nikadhani ni kweli. Yule dada mtaalamu alikuja mbio na kitambaa, akaanza kunifuta. Kaka yangu aliniuliza kama nimeumia, nikasema hapana, akanishika bega kwa muda. Kisha akaenda kuchuchumaa mbele ya mashine, uso kwa uso, kama alivyochuchumaa zamani mbele ya mguu wangu, akaiuliza, "Uliona nini?"

Wakafungua kumbukumbu yake kwenye skrini. Ilikuwa imeandika: mtu mmoja, mkono mmoja juu, kitu kirefu mkono wa kushoto, amekaidi. Kila neno lilikuwa kweli isipokuwa la mwisho. Nimeifikiria skrini ile miaka minane. Bado najiuliza ni wapi hasa, kati ya kile kitu kirefu na lile neno, ambapo mtu angesita na mashine isisite.

Kamanda alikuja na fomu. Alikuwa na haraka, maana wakubwa wake walikuwa wanasubiri.

"Bisibisi, ni mmoja tu kati ya arobaini na mmoja."

"Ndiyo, afande. Yule pale bombani, anasugua shati."

"Itarekebishwa ikiwa kazini."

"Na ikikosea kabla, afande, nani amekosea?"

Kamanda akamsogezea fomu. Aliniambia juzi, nyumbani kwa marehemu, kwamba alilitafuta jibu usiku na mchana kwa miezi mitatu, akiwa na hasira, na hakulipata. Marehemu hakutia saini. Kwenye nafasi ya maoni aliandika maneno mawili: "Haijui kusubiri." Mwezi uliofuata alihamishiwa stoo ya mablanketi na buti. Alikaa huko miaka mitatu, kupanda cheo kukampita, akastaafu tarehe 30 Juni 2020 akiwa sajini yuleyule. Iliniuma sana. Nilijiona mimi ndiye niliyemfunga kamba mguuni. Nilipomwambia hivyo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kipuuzi, akaniuliza kama najua buti za jeshi zina matundu mangapi ya kamba.

Mashine ilikaa chini ya turubai. Ilirudishwa getini Januari 2019 ikiwa imebadilishwa: inaona, inaita, lakini kufyatua haiwezi. Ndani ya kibanda anakaa askari, na uamuzi ni wake, kwa jina lake, katika daftari. Na majaribio sasa ni arobaini na moja. La mwisho lazima lifanywe na mtu anayetembea kwa fimbo au gongo kweli, asiyeigiza. Nimeitwa mara nne. Wananipa chai, na miwani. Sivai nyeupe.

Figo za marehemu zilianza kushindwa Septemba 2023. Alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, katika chumba chenye vitanda sita na dirisha linalotazama maegesho. Siku ya kwanza aliitazama mashine yake saa nzima, kisha akamuuliza muuguzi, ikipiga kelele nani anaamua. Muuguzi akasema, "Mimi, baba." Akasema basi sawa, akalala. Baadaye walimnyang'anya bisibisi kwenye soksi, mara mbili.

Jioni ya Juni 7 mwaka huu wa 2025 nilikaa naye. Alikuwa dhaifu, lakini swali alikuwa nalo, na alikuwa amelihifadhi miaka minane.

"Ulipoinua mkono mmoja, ulikuwa unafikiria nini?"

Nikamwambia ukweli. "Nilifikiri inatosha. Nilifikiri kila anayeniona ataelewa kwa nini ni mmoja."

Alinigeuzia uso. Kisha akasema, "Umezoea kuonwa na mimi."

Alifariki tarehe 9 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba.

Ameacha mjane; binti, dereva wa lori; mwana, fundi wa friji; mjukuu mmoja ambaye wiki iliyopita alifungua saa ya ukutani; na mimi mdogo wake. Ameacha pia Kobe, mwenye mistari mia mbili na kumi na tatu mgongoni, ambaye kikosi kimemleta na amesimama pale langoni. Jeshi lilitaka Kobe avute jeneza. Shemeji amekataa kwa heshima, akasema mumewe atabebwa na watu, na Kobe atafuata nyuma akiongozwa na fundi.

Tukifika kaburini, wenzake watampigia saluti. Mimi si askari, na ardhi ya kule si tambarare, kwa hiyo fimbo sitaiachia. Nitamwinulia mkono mmoja, juu kabisa, vidole vimefunguka.

Pumzika salama, kaka. Wewe utaelewa.